Weupe Usiodumu: Chokaa, Mwashi na Historia ya Miji ya Pwani

Utangulizi

Historia ya miji ya kale ya pwani ya Afrika Mashariki imeandikwa, kwa sehemu kubwa, kwa kutazama vitu vinavyodumu. Wataalamu wamezipima kuta za Gedi na Kilwa, wamehesabu vigae vya kaure, wamesoma maandishi ya makaburi na kuzichunguza sarafu. Chokaa inayopakwa juu ya ukuta wa nje haikupata kuangaliwa kwa makini kama hayo, na sababu yake si ngumu kuiona. Mvua za masika huichujua, jua huipasua, ukungu huitia weusi, na baada ya miaka michache hubaki mabaka tu. Mchimbaji wa magofu hukuta jiwe. Weupe uliokuwa juu ya jiwe haukuti, au huukuta kidogo mno katika pembe iliyokingwa na mvua.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba upungufu huo wa chokaa ndio unaoifanya iwe ushahidi wa aina ya pekee. Ukuta wa mawe waweza kusimama miaka mia tano baada ya kufa aliyeujenga. Ukuta mweupe hauwezi. Popote palipoonekana ukuta mweupe, hapana budi palikuwa na watu waliouhudumia mwaka ule au mwaka uliotangulia: aliyevunja mawe, aliyekata kuni, aliyewasha tanuu, aliyechuja na kukoroga, na aliyepanda juu ya ngazi na brashi mkononi. Kwa hiyo swali la chokaa si swali la pambo. Ni swali la nani alifanya kazi, kwa amri ya nani, na kwa ujuzi uliotoka wapi. Katika kulijibu, lugha ya Kiswahili yenyewe ina neno la kusema.

Jiwe linalorudi kuwa jiwe

Yafaa kwanza kueleza kazi yenyewe, kwa kuwa hoja zitakazofuata zinaitegemea. Malighafi ya chokaa ya pwani ni matumbawe, ama yale ya kale yaliyokwisha kuwa mwamba wa nchi kavu, ama yale yanayotolewa baharini. Mawe huvunjwa vipande vidogo. Magogo hupangwa chini kwa duara, tabaka juu ya tabaka, na katikati huachwa tundu la kutilia moto. Kisha mawe hurundikwa juu yake. Hilo ndilo tanuu la chokaa. Halina kuta wala paa, na likisha kuungua halibaki jengo, bali duara la majivu na rundo jeupe. Ndiyo sababu moja ya tanuu nyingi za kale kutotambulikana katika magofu.

Moto unapofikia kiasi cha nyuzi 900 za Selsiasi, jiwe hutoa hewa ya ukaa iliyokuwa imefungwa ndani yake. Jiwe safi la kilo 100 hupoteza kilo 44 kwa njia hiyo, na hubaki kilo 56 za chokaa isiyozimwa. Chokaa hii ni kali. Ikiguswa na maji huchemka, hutoa mvuke na kupasuka yenyewe, nayo huweza kuunguza ngozi na kupofua macho. Mafundi huizima kwa kuitia maji, au kwa kuiacha inyeshewe na mvua, kisha huifunika na kuiweka. Kadiri inavyokaa katika maji ndivyo inavyolainika, na fundi mwema haharakii kuitumia. Hukaa kwa miezi, na chokaa iliyokaa zaidi ndiyo inayosifiwa zaidi.

Ili kupata chokaa ya kupaka, ile iliyozimwa huchujwa mawe na makaa yatoke, kisha huongezwa maji mpaka iwe nyepesi kama maziwa. Wengi hutia chumvi kidogo, kwa kuwa chumvi huvuta unyevu na kuifanya chokaa ikauke polepole. Hata hivyo kwenye kuta kuukuu za matumbawe, zilizokwisha kunywa chumvi ya bahari, nyongeza hiyo huweza kudhuru kuliko kufaa. Kabla ya kupaka, ukuta husuguliwa vumbi na uvumba, kisha hunyunyiziwa maji. Ukuta mkavu hunyonya maji ya chokaa kwa pupa, na kilichobaki juu huwa unga unaotoka kwa kidole. Kazi hufanywa asubuhi au jioni, si katika jua la mchana. Mkono wa kwanza huwa kama haukupakwa kitu, kwa sababu chokaa mbichi hupenyeza nuru. Weupe huja inapokauka. Anayefanya haraka akapaka nzito ili aone weupe mara moja, huona pia magamba yakibanduka baada ya muda mfupi. Mikono mitatu au minne iliyo myembamba ndiyo kanuni.

Kinachotukia baada ya hapo ndicho kiini cha jambo. Chokaa iliyopakwa huvuta tena hewa ya ukaa kutoka angani na, pole kwa pole, hurudi kuwa kitu kilekile kilichokuwa kabla ya kuchomwa, yaani jiwe. Rangi ya mafuta hufunika ukuta. Chokaa huungana nao. Aidha, kila inapopakwa upya huingia katika nyufa nyembamba na kuziziba kabla hazijapitisha maji ya mvua. Methali isemayo usipoziba ufa utajenga ukuta hutumika leo kwa mambo ya kila namna, lakini katika mji wa mawe ilikuwa pia kanuni ya kazi. Kupaka chokaa kila mwaka kulikuwa kuziba nyufa ambazo jicho lilikuwa halijaziona.

Ushahidi wa lugha

Kwa muda mrefu waandishi wengi wa kigeni waliiona miji ya mawe kuwa kazi ya wahamiaji kutoka Arabuni na Ajemi, na wenyeji wakahesabiwa kuwa wapokeaji tu. Uchimbaji wa miaka ya baadaye umeidhoofisha sana nadharia hiyo. Huko Shanga, katika kisiwa cha Pate, Mark Horton alichimba katika miaka ya 1980 akakuta misikiti iliyofuatana mahali pamoja: ya mwanzo ilikuwa ya miti na udongo, na ya baadaye ilikuwa ya mawe. Mji haukuletwa ukiwa tayari. Ulikua pale ulipo.

Msamiati wa ujenzi unakubaliana na ushahidi huo, ingawa si kwa njia nyepesi. Kiswahili kina vitenzi viwili vya kujenga. Kimoja ni jenga, ambacho leo hutumika kwa nyumba ya aina yoyote. Kingine ni aka, ambacho maana yake ni kujenga kwa mawe na chokaa. Kitenzi hiki cha pili si cha Kiarabu wala cha Kiajemi. Katika Kikuyu na Kikamba, lugha za bara ambazo watu wake hawakuwa na majumba ya matumbawe, aka ni kitenzi cha kawaida cha kujenga nyumba. Ni dhahiri, basi, kwamba Kiswahili kilirithi neno la Kibantu la ujenzi, kisha kikalifinya maana yake mpaka likawa la kazi ya mawe peke yake.

Jina la mtendaji linathibitisha umri wa neno. Kutokana na aka twapata mwashi, kama vile kutokana na pika twapata mpishi, na kutokana na andika twapata mwandishi. Katika maneno haya sauti k imegeuka kuwa sh mbele ya kiambishi i cha mtendaji, kwa kufuata kanuni ya zamani ya lugha. Maneno yaliyoingia kutoka Kiarabu hayakufuata kanuni hiyo: kutokana na miliki twapata mmiliki, kutokana na shiriki twapata mshiriki, wala hakuna aliyewahi kusikia mmilishi. Kwa hiyo mwashi na uashi si maneno yaliyobuniwa juzi ili kumtafsiria mgeni jina la kazi yake. Ni maneno yaliyoundwa na lugha kutoka ndani yake yenyewe. Chombo cha mwashi nacho ni mwiko, jina lilelile la chombo cha kukorogea ugali. Fundi alilichukua jikoni akalipeleka ukutani.

Hata hivyo haingekuwa kweli kudai kwamba bahari haikuchangia kitu. Tanuri, na tanuu pamoja nalo, ni ndugu wa tannur ya Kiarabu. Sakafu latokana na saqf, ambalo katika Kiarabu ni dari au paa. Katika nyumba ya pwani, ambako tabaka la chokaa na kokoto lililo paa la chumba cha chini ndilo hukanyagwa na wa chumba cha juu, neno lilihama kutoka juu ya kichwa hadi chini ya nyayo. Saruji ni neno la pande za Ajemi na Omani, ambako liliitwa hivyo udongo wa kuungia mawe usiopitisha maji. Mgawanyo huu una maana. Tanuri, sakafu na saruji ni majina ya vitu. Kitenzi na jina la mtu aitendaye kazi ni vya Kibantu. Mbinu zilisafiri na majahazi, zikabadilishwa na kuboreshwa, lakini zilipofika zilimkuta mtu mwenye kazi yake na jina lake.

Ushahidi wa wageni

Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331, katika utawala wa Sultani al-Hasan bin Sulaiman, akausifu mji kuwa miongoni mwa miji mizuri kabisa, lakini akasema kwamba ulijengwa kwa miti. Kauli hiyo imewashangaza wengi, kwa kuwa jumba la Husuni Kubwa, ambalo hunasibishwa na sultani huyohuyo, ni la mawe na chokaa, nalo lilikula chokaa nyingi mno. Shaka hupungua ikikumbukwa kwamba katika kila mji wa pwani nyumba za miti na udongo zilikuwa nyingi kuliko za mawe. Mji wa mawe haukuwa mawe matupu.

Mwezi Aprili 1498 merikebu za Vasco da Gama zilifika Malindi. Mwandishi wa kumbukumbu za safari ile aliandika kwamba nyumba za mji zilikuwa ndefu, zimepakwa chokaa vizuri na zina madirisha mengi, na mji ulimkumbusha Alcochete, mji wa kwao Ureno. Miaka michache baadaye Duarte Barbosa naye alizitaja nyumba za mawe na chokaa za Kilwa, Mombasa na Malindi, zenye madirisha kama ya kwao.

Maneno haya yamenukuliwa mara nyingi kuonyesha utajiri wa Malindi, na ni sawa. Lakini yana habari nyingine ambayo haikusomwa. Yule Mreno aliuona mji kutoka baharini, mwanzoni mwa masika. Weupe aliouona haukuwa wa babu zao Wamalindi. Ulikuwa umepakwa karibuni, na kabla ya kupakwa tanuu zilikuwa zimewashwa, kuni zimekatwa na chokaa imekaa shimoni ikingoja. Katika sentensi moja mgeni aliandika, bila ya kujua, kwamba mwaka ule Malindi ilikuwa na mafundi, ilikuwa na kuni, ilikuwa na mamlaka ya kuwakusanya watu, na ilikuwa na amani ya kutosha watu kushughulikia kuta zao. Hakuna kigae wala sarafu iwezayo kutaja mwaka wake kwa karibu hivyo.

Mikono isiyotajwa

Weupe ulikuwa na maana katika jamii. Waliochunguza nyumba za Lamu, mathalan James de Vere Allen na Usam Ghaidan katika miaka ya 1970, na Linda Donley katika miaka ya 1980, wameeleza jinsi nyumba ya mawe ilivyokuwa alama ya uungwana. Kuta za nje za nyumba nyingi za Lamu ziliachwa kavu, na ufundi wa chokaa ukawekwa ndani, katika zidaka na nakshi, mahali pa wenye nyumba na wageni wao. Kilichong'aa nje kilikuwa zaidi ni msikiti, kaburi la mkubwa, na ukingo wa paa. Wenye nyumba za udongo nao, walipoweza, walipaka chokaa juu ya kiambaza, na kwa ndoo moja ya maji meupe walijitwalia sehemu yao ya sura ya mji.

Ni nani aliyeichoma chokaa hiyo? Hapa kumbukumbu za maandishi hunyamaza, na kunyamaza kwenyewe ni habari. Jina la sultani limo katika sarafu, jina la maiti limo katika kaburi. Jina la aliyevunja mawe halimo popote. Katika karne ya 19 kazi nzito za mashamba, mikoko na mawe zilikuwa mabegani mwa watumwa, na uchomaji wa chokaa ulikuwa miongoni mwa kazi hizo. Utumwa ulipigwa marufuku Unguja na Pemba mwaka 1897, na katika pwani ya Kenya mwaka 1907. Kuanzia hapo kila mkono uliopaka ukuta ulipaswa kulipwa, na wenye nyumba wengi walikuwa wamekwisha kupoteza biashara ambayo ingewalipa. Kuta hazikuanguka siku ile. Zilianza kwa kuwa za kijivu.

Kushuka kwa namna hiyo kulikuwa kumekwisha kuonekana kabla ya hapo huko Pate. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, aliyetunga Al-Inkishafi mwanzoni mwa karne ya 19, aliyatazama majumba ya matajiri wa Pate yakiwa magofu, na madaka yaliyowekwa sahani za kaure yakawa viota vya ndege. Wahakiki wameusoma utenzi huo kuwa mawaidha juu ya dunia na ubatili wake, na ndivyo ulivyo. Lakini mwanahistoria aweza kuusoma pia kuwa maelezo ya nyumba ambayo watumishi wake wameondoka. Ndege hawezi kujenga kiota katika kidaka kinachopakwa chokaa kila mwaka. Kabla ya mwenye nyumba kusahauliwa, mwashi alikuwa amekwisha kutoitwa.

Saruji na deni la bahari

Badiliko la karne ya 20 lilikuja na saruji. Kiwanda cha Bamburi, kaskazini ya Mombasa, kiliasisiwa mwaka 1951 na kikaanza uzalishaji mwaka 1954. Yafaa kukumbuka kwamba malighafi yake ni jiwe lilelile la matumbawe ya kale. Tofauti ni kuwa huchanganywa na udongo na kuchomwa kwa moto ufikao kama nyuzi 1,450. Watu waliupa unga mpya jina la zamani, saruji, na kwa kushirikiana jina, vitu viwili visivyofanana vikadhaniwa kuwa kimoja.

Matokeo yake yameonekana katika kuta za Lamu na Unguja. Ukuta wa matumbawe hunywa maji kutoka ardhini na kutoka angani, na chokaa huyaruhusu yatoke. Lipu ya saruji huyafungia ndani. Unyevu na chumvi hukusanyika nyuma yake, chokaa ya zamani inayoshika mawe hulainika, vichwa vya boriti huoza, na siku moja lipu hubanduka kipande kizima ikiwa imeshika uso wa ukuta. Nyumba iliyokusudiwa kuimarishwa hudhoofishwa na dawa yake. Kwa sababu hiyo, tangu Lamu ilipowekwa chini ya ulinzi wa sheria ya mambo ya kale mwaka 1986, na Mji Mkongwe wa Unguja ulipopata mamlaka yake ya hifadhi mwaka 1985, wahifadhi wamehimiza kurudi kwenye chokaa.

Lakini kurudi huko kuna bei. Tanuu hula kuni nyingi, na kuni za pwani ni mikoko. Kenya ilipiga marufuku usafirishaji wa boriti nje ya nchi mwaka 1982 kwa kuhofia kuisha kwa misitu hiyo. Matumbawe makubwa yaliyo hai, ya aina iliyopendwa na wachongaji, hukua kiasi cha sentimita moja kwa mwaka. Tumbawe la mita moja lina umri wa karne. Huko Mafia na Mtwara uchimbaji wa matumbawe hai kwa ajili ya chokaa ulikuwa tatizo la kweli katika miaka ya mwisho ya karne ya 20. Kwa hiyo anayeitetea chokaa hawezi kuitetea kwa kufumba macho. Chokaa ya mwamba wa nchi kavu, iliyochomwa katika tanuri lililofungwa ambalo halipotezi moto ovyo, inaweza kufanya kazi ileile. Kinachohitaji kuhifadhiwa ni ujuzi wa kuizima, kuilaza, kuichuja na kuipaka, wala si lazima kila njia ya kale ya kuipata.

Hitimisho

Katika Injili ya Mathayo makaburi yaliyotiwa chokaa ni mfano wa unafiki: weupe nje, uozo ndani. Mfano huo unaichukulia chokaa kuwa kifuniko. Historia ya pwani yaonyesha sura nyingine. Chokaa ya mwashi ilitoka katika jiwe, ikarudi kuwa jiwe, na ikaushika ukuta uliokuwa nyuma yake. Kilichofichwa hakikuwa uozo wa ukuta, bali mikono iliyoupaka.

Mikono hiyo haikuandikiwa makaburi. Lakini lugha iliihifadhia mahali: katika aka, kitenzi ambacho leo hutumika kwa nadra, na katika mwashi, jina ambalo limekaa katika Kiswahili muda wote huo. Wanaokusanya msamiati wa lugha za Kiafrika wamezoea kuwaendea washairi na wazee wa mila. Yafaa pia waendewe mafundi wa chokaa waliobaki, wakaulizwe majina ya vyombo vyao, ya hatua za kazi yao, na ya kila hali ya chokaa tangu itokapo tanuuni hadi ikaukapo ukutani. Kazi hiyo haiwezi kungoja. Kuta zaweza kuwangoja wachimbaji wa karne ijayo, lakini maneno, kama weupe, hayadumu yasipotumiwa tena mwaka baada ya mwaka.